Tukihesabiwa, Tusomewe Hesabu

Wahenga walisema: mali bila daftari hupotea bila habari. Kila mwenye duka katika soko la Songea anaijua methali hiyo, na kila katibu wa chama cha ushirika aliyewahi kuulizwa magunia yamekwenda wapi anaijua zaidi. Basi leo twapenda kuwauliza wananchi: ikiwa sukari na sabuni haziwezi kukaa dukani bila daftari, je, watu? Mtoto asiyekua vema, mama anayeamka saa kumi alfajiri kufuata maji, mzee anayeishi peke yake katika nyumba inayovuja, hao wameandikwa katika daftari gani? Na kama wameandikwa, ni nani amewahi kusimama mbele ya mkutano akawasomea wenye mtaa wao?

Juma hili twataka kunena juu ya takwimu. Tunajua ya kuwa neno lenyewe huwafanya wengine wafunue ukurasa wa pili. Wanadhani takwimu ni kazi ya mabwana wa Dodoma, wala haiwahusu watu wa jembe. Sivyo. Takwimu za mtaa ni haki ya wenye mtaa, kama vile hesabu ya ushirika ilivyo haki ya mkulima aliyepeleka mazao yake. Shida za Songea hazitaondoka kwa hotuba. Zitaanza kuondoka siku ile watu wa kila mtaa na kila kijiji watakapoijua hesabu yao, watakapoisoma hadharani, na watakapoitumia kudai kilicho chao.

GHALA LIMEJAA, MTOTO AMEDUMAA

Tuanze na jambo linalotuuma. Mkoa wa Ruvuma ni ghala la Taifa. Tangu miaka ya 1970 na 1980 umetajwa pamoja na Iringa, Mbeya na Rukwa kuwa mikoa minne inayoilisha nchi kwa mahindi. Msimu wa kuvuna ukifika magunia hupangwa kama kuta, malori husimama foleni, na Wakala wa Taifa wa Hifadhi ya Chakula hununua hapa Songea mahindi yatakayoliwa na watu wa mikoa ya mbali. Mgeni akiyaona hayo atasema kwamba huku njaa haiijui njia.

Lakini tazameni daftari. Katika Utafiti wa Demografia na Afya wa mwaka 2015-16, kati ya kila watoto 100 wa Ruvuma wenye umri wa chini ya miaka 5, watoto 44 walikuwa wamedumaa. Maana yake, kimo chao kilikuwa chini sana ya kile kinachostahili umri wao. Wakati huo wastani wa Tanzania nzima ulikuwa 34. Utafiti kama huo wa mwaka 2022 ulionyesha kwamba Ruvuma imeshuka mpaka kama 36 katika kila 100, na nchi nzima 30. Hatua imepigwa, wala hatukatai. Walakini zaidi ya mtoto mmoja katika kila watoto watatu wa mkoa huu unaowalisha wengine alikutwa hakui ipasavyo. Na jirani zetu wa nyanda hizi hizi za mahindi walikutwa na hali mbaya zaidi: mwaka huo huo wa 2022 Iringa ilikuwa na watoto 57 katika kila 100, Njombe na Rukwa 50.

Sababu yake ni nini? Debe la mahindi peke yake halimkuzi mtoto. Mtoto anayelishwa uji mtupu asubuhi na ugali jioni, bila maharage, bila dagaa, bila yai, bila tunda wala mboga ya kutosha, tumbo lake hushiba lakini mwili wake hauna cha kujengea. Msimu wa kulima mama hutoka alfajiri na jembe lake, mtoto akaachiwa dada yake ambaye naye ni mtoto, na chakula kikangoja mpaka jioni. Maji machafu humletea kuhara, na kuhara humwondolea hata kile kidogo alichokula. Mama aliyebeba mimba nyingine kabla mwili wake haujapumzika huzaa mtoto mdogo. Haya yote hutendeka ndani ya siku 1,000, tangu mimba kutungwa mpaka mtoto kutimiza miaka 2, na kinachopotea katika siku hizo ni vigumu mno kukirudisha. Mtoto huyo akiingia darasani hufundishwa na mwalimu yule yule na kwa kitabu kile kile, bali amekwisha kudhulumiwa kabla hajaijua herufi ya kwanza.

Sasa tunawaomba wananchi walitazame jambo hili kwa makini. Udumavu hauonekani kwa macho. Mtoto aliyekondeana kwa njaa kila mtu humwona akamhurumia. Mtoto aliyedumaa hucheza na wenzake, na ikiwa nusu ya wenzake wamedumaa vile vile, basi mama yake, jirani yake, hata diwani wake atasema kwamba huyu ni mtoto kama watoto wengine, na kimo chake ni kimo cha ukoo wake. Kinachomfichua ni ubao wa kupimia urefu, kadi ya kliniki, na mtu wa kujumlisha. Pasipo hesabu tungalikuwa tunajisifu kwa ghala letu mpaka leo, wala tusingalijua kwamba ndani ya nyumba za wenye ghala mna watoto wasiopata haki yao.

Hiyo ndiyo faida ya takwimu. Huonyesha lile ambalo mazoea yamelifunika.

WASTANI HUFICHA

Hata hivyo hesabu ya mkoa peke yake haitoshi, na hapa ndipo penye neno letu hasa. Ule utafiti wa mwaka 2022 uliuliza kaya zaidi ya 15,000 katika nchi nzima. Hizo zatosha kusema habari za Ruvuma kwa jumla. Hazitoshi kusema habari za Lizaboni na za Ruhuwiko, wala za kijiji kimoja cha Namtumbo na kingine cha Tunduru. Na mkoa wetu si kiganja cha mkono. Una eneo la zaidi ya kilomita za mraba 60,000. Nyasa wana ziwa na samaki, Mbinga wana kahawa, Tunduru wana korosho, Namtumbo na Madaba wana mashamba yao. Watu hawa wote tumewatia katika gunia moja, tukashona mdomo, tukaandika juu yake: 36.

Tuchukue mfano wa kubuni ili jambo lieleweke. Kuna mitaa miwili, kila mmoja una watoto 100. Katika mtaa wa kwanza watoto 10 wamedumaa, katika wa pili 60. Ukijumlisha na kugawa kwa mbili utapata 35. Bwana mkubwa ofisini ataiona 35, atatenga fedha sawa kwa sawa, na ataamini kwamba ametenda haki. Kumbe mtaa wa kwanza umepewa dawa usiyoihitaji sana, na wa pili umepewa nusu ya dawa ya ugonjwa wake. Hakuna aliyeiba hata senti moja, na dhuluma imetendeka vile vile. Wastani ni kama blanketi fupi katika chumba chenye watu wengi: aliye katikati hulala usingizi, aliye pembeni hupigwa na baridi, na asubuhi husemwa kwamba chumba kizima kilikuwa na blanketi.

Tazameni pia jinsi mji wetu ulivyokua. Sensa ya mwaka 2012 ilikuta katika Manispaa ya Songea watu 203,309. Sensa ya tarehe 23 Agosti 2022 ilikuta watu 286,285. Wameongezeka karibu 83,000. Yaani pale walipokuwa watu watano, sasa wapo saba. Mkoa mzima wa Ruvuma nao ulitoka watu 1,376,891 ukafika 1,848,794, na hilo ni ongezeko la mtu mmoja kwa kila watatu. Mji umekua upesi kuliko mkoa.

Je, hao 83,000 wamekaa wapi? Manispaa ina kata 21. Hawakujigawa sawa katika kata hizo kama karanga mezani. Kuna mahali walikojazana, na huko ndiko madarasa yanakobana, na matundu ya vyoo vya shule hayatoshi, na akina mama wanakopanga ndoo tangu usiku. Halmashauri itakayogawa madawati na mabomba kwa kufuata kumbukumbu za miaka iliyopita itakuwa inawahudumia watu waliohama na kuwasahau waliokuja. Mto Ruvuma wenyewe unaanzia hapa kwetu katika milima ya Matogoro. Haitakuwa sifa kwa mji unaokaa kwenye chemchemi ya mto mkubwa kama huo kutojua ni nyumba ngapi za mtaa fulani hazina maji.

Na mahali pasipo hesabu, nini huamua? Huamua sauti. Mwamba ngoma huvutia kwake. Diwani mwenye ulimi mwepesi huondoka na kisima, mtaa wenye mtu mkubwa huondoka na barabara, na wale walio mbali, wasio na mtu wa kuwasemea, huambiwa wangoje mwaka ujao. Hatuwalaumu madiwani kwa kuwapigania watu wao. Hiyo ndiyo kazi waliyotumwa. Lakini mwenye shibe hamjui mwenye njaa, na njia ya kumjulisha ni kumwekea mezani hesabu ya mitaa yote, ndogo na kubwa, ili baraza lizima lione ni wapi penye haja kuliko pengine.

KUHESABIWA KWA KUTOZWA

Twajua vema kwa nini wazee wetu huiogopa kalamu ya mwenye kuhesabu. Hawakuota, waliyaona. Mwishoni mwa karne ya 19 Wajerumani walipoanza kutoza kodi ya nyumba, walihesabu vibanda ili wajue watachukua kiasi gani. Uchungu wa utawala ule ulizaa Vita vya Maji Maji vya mwaka 1905 mpaka 1907, na viongozi wa Wangoni wakanyongwa hapa hapa Songea mwaka 1906. Makumbusho yao yapo mjini kwetu, na kila mtoto wa shule yafaa ayaone. Akaja Mwingereza na kodi ya kichwa. Kijana wa Songea asiye na fedha ya kodi alifunga safari kwenda mashamba ya mkonge ya Tanga, na huko akaitwa manamba. Neno hilo linatokana na namba. Mtu aliyekuwa na jina, na baba, na ukoo, akageuzwa kuwa namba katika kitabu cha bwana shamba.

Hata sensa ya mwaka 1957, miaka minne kabla ya Uhuru, iliwahesabu Waafrika mbali na wasio Waafrika. Watu wa nchi moja waliandikwa katika vitabu viwili. Huko kulikuwa kuhesabiwa kwa kutozwa na kwa kutawaliwa.

Sensa ya kwanza baada ya Uhuru ilifanywa Agosti 1967, miezi sita baada ya Azimio la Arusha. Zikafuata za 1978, 1988, 2002, 2012 na 2022. Nia imebadilika: sasa twahesabiwa ili tugawiwe. Na yapo mambo yanayoonyesha kwamba kuandikwa kwaweza kuleta faida. Mwaka 2022 Serikali iliporudisha ruzuku ya mbolea, mkulima alitakiwa kwanza aandikishwe pamoja na ukubwa wa shamba lake. Aliyeandikwa alinunua mfuko kwa bei iliyopunguzwa. Asiyeandikwa alitazama wenzake wakibeba.

Lakini twasema kwa haki kwamba kazi haijakamilika. Mwananchi hufungua mlango, hujibu maswali ya kaya yake moja baada ya jingine, karani hubonyeza kishikwambi chake, huaga, huondoka. Baadaye redio hutangaza kwamba Tanzania ina watu 61,741,120. Tumefurahi. Lakini yule mwananchi hajaambiwa mtaa wake una watoto wangapi wasiosoma, wala nyumba ngapi zisizo na choo cha maana. Habari zilitoka kwake, zikapanda juu, hazikurudi. Huwezi kumlaumu akisema moyoni kwamba mambo ni yale yale ya zamani.

MADAFTARI YAPO

Wapo watakaotuambia kwamba kupata hesabu ya kila mtaa ni jambo la gharama kubwa. Twawajibu kwamba sehemu kubwa ya hesabu hiyo imekwisha kupatikana na imelala makabatini. Zahanati inawapima watoto uzito na kuwaandika katika kadi zao. Mara moja kila miezi mitatu kuna Siku ya Afya na Lishe ya Kijiji, ambapo watoto hukusanywa wakapimwa. Mwalimu mkuu anayo rejesta ya mahudhurio. Mtendaji wa kijiji au wa mtaa anatakiwa kuwa na rejesta ya wakazi. Nyumba zimepewa namba na mitaa imepewa majina katika kazi ya anwani za makazi ya mwaka 2022. Matokeo ya sensa yametolewa mpaka ngazi ya kata. Kila daftari liko kwa mwenyewe, na hakuna anayeyalaza mezani pamoja ayasome kwa wakati mmoja. Mwenye kadi za watoto haongei na mwenye visima, na mwenye visima haongei na mwenye rejesta ya shule. Kumbe mtoto anayehara, kisima kilichokauka na dawati lililo tupu ni habari moja ya nyumba moja.

Fikirini pia juu ya fedha hii. Halmashauri zimeagizwa kutenga shilingi 1,000 kwa kila mtoto wa chini ya miaka 5 kwa ajili ya lishe. Agizo zuri. Lakini shilingi 1,000 mara watoto wangapi? Ikiwa halmashauri ina watoto 40,000 na daftari lake linasema 30,000, basi shilingi milioni 10 za watoto zimepotea bila mwizi kuingia. Hapo ndipo methali ya daftari inapotimia neno kwa neno.

Na sheria nayo iko upande wa wananchi. Tangu sheria za serikali za mitaa za mwaka 1982, kijiji kinao mkutano wake mkuu wa watu wazima wote, na mkutano huo hukutana kila baada ya miezi mitatu. Wengi huenda kusikia mapato na matumizi, na ni vema. Sisi twataka pamoja na hesabu ya fedha isomwe hesabu ya watu.

Tena jambo hili limekwisha kujaribiwa. Katika mpango wa kunusuru kaya maskini wa TASAF, mkutano wa kijiji au mtaa hutaja wenyewe kaya zilizo na hali duni kabisa. Kisha kaya hizo huulizwa maswali juu ya nyumba, chakula, mifugo na watoto, majibu hupimwa kwa kanuni moja nchi nzima, na orodha hurudishwa mkutanoni ithibitishwe. Macho ya jirani yanasaidiwa na kipimo, na kipimo kinasahihishwa na jirani. Penye udanganyifu, upungufu umeonekana: mwaka 2016 maelfu ya kaya zisizostahili ziliondolewa katika mpango huo. Lakini njia yenyewe ni njema, nayo yafaa itumike katika mambo mengine pia.

Watu wa Ruvuma hawahitaji kufundishwa kwamba mpango waweza kutoka chini. Litowa na vijiji wenzake vya Chama cha Maendeleo cha Ruvuma vilipanga mambo yao katika mikutano yao vyenyewe katika miaka ya 1960, mpaka chama hicho kilipovunjwa na TANU mwaka 1969. Tangu wakati huo wengi wameandika kuwasifu wakulima wale. Sifa iliyo bora ni kuwapa wajukuu wao daftari na kalamu.

SI ELIMU YA WAGENI

Wapo pia wasemao kwamba kuhesabu shida za mtaa ni elimu ya Wazungu. Kweli, Uingereza katika hesabu yao ya mwaka 2019 waliigawa nchi yao ya England katika maeneo madogo 32,844, kila moja lenye watu kama 1,500, wakayapanga kuanzia lenye dhiki kubwa mpaka lenye nafuu. Sisi tunavyo vijiji zaidi ya 12,000 na vitongoji zaidi ya 60,000. Vipande vidogo tunavyo tayari, tena vina viongozi waliochaguliwa na watu.

Lakini mmoja wa mafundi wa kwanza wa kazi hii alikuwa mtu mweusi. Mwaka 1896 W. E. B. Du Bois alikwenda kuishi katika Kata ya Saba ya mji wa Philadelphia, Marekani, waliko jazana Weusi wa mji ule. Wenye mji walikuwa wakisema kwamba umaskini wa Weusi unatokana na tabia yao. Du Bois hakuwajibu kwa matusi. Alikwenda mlango kwa mlango, akauliza juu ya kazi, kodi ya nyumba, ukubwa wa kaya, afya na elimu, mpaka akawa na habari za watu zaidi ya 9,000. Kitabu chake, The Philadelphia Negro, kilitoka mwaka 1899. Alionyesha kwa hesabu kwamba milango ya kazi ilifungwa mbele ya Weusi, na kwamba walilipa kodi kubwa kwa vyumba vibovu. Mzee huyu ndiye aliyekuja kuwa raia wa Ghana, akafariki Accra mwaka 1963. Yeye alijua kwamba mnyonge aliye na hesabu si rahisi kunyamazishwa.

TUJIHADHARI

Hatusemi kwamba namba ni malaika. Namba zaweza kusema uongo kama watu wasemavyo. Yuko mtendaji ajazaye fomu chini ya mwembe bila kugonga mlango hata mmoja, na yuko mkubwa anayependa kuletewa taarifa tamu. Mwaka 2016 nchi hii iligundua watumishi hewa zaidi ya 10,000, majina yaliyokula mishahara bila kuwa na miili. Ikiwa mishahara yaweza kulipwa kwa vivuli, basi visima vyaweza kujengwa kwenye karatasi. Dawa yake ni kusoma hesabu mbele ya wale wanaoijua. Ukisimama mtaani ukasema mabomba 6 yanatoa maji, na wasikilizaji wanajua ni 2, uongo wako hautafika jioni.

Jambo la pili ni heshima. Hesabu ya mtaa isomwe kwa jumla, wala si kwa majina ya wagonjwa na maskini. Sheria ya Takwimu ya mwaka 2015 inalinda siri za mtu mmoja mmoja, na utu wetu nao unatuagiza hivyo hivyo. Tatu, hesabu isigeuzwe kuwa fimbo. Sheria hiyo ilipobadilishwa mwaka 2018 ilikuwa kosa mtu kupinga takwimu rasmi. Mwaka 2019 ikarekebishwa, na ilistahili. Hesabu isiyoweza kuulizwa swali haina tofauti na amri.

TUNATAKA NINI

Basi haya ndiyo tunayoyataka, na si mengi. Kila ofisi ya kijiji na ya mtaa, katika Manispaa na katika wilaya zote za Ruvuma, ibandike ubaoni hesabu sita. Ya kwanza, kaya ni ngapi, watu ni wangapi, na kati yao watoto wa chini ya miaka 5 ni wangapi. Ya pili, watoto waliopimwa miezi mitatu iliyopita ni wangapi, na waliodumaa au wenye uzito mdogo ni wangapi. Ya tatu, vituo vya maji vilivyopo ni vingapi, vinavyotoa maji mwezi wa Oktoba ni vingapi, na nyumba ya mbali iko umbali gani. Ya nne, watoto wa umri wa shule ni wangapi na wasiokwenda ni wangapi. Ya tano, nyumba ngapi hazina choo. Ya sita, wazee wanaoishi peke yao, yatima na watu wenye ulemavu wasio na wa kuwatunza ni wangapi.

Hesabu hizo zisomwe katika kila mkutano wa miezi mitatu, na wananchi wazisahihishe. Kisha ziende kwenye Kamati ya Maendeleo ya Kata, na kutoka huko zifike kwenye baraza la madiwani, zikiwa zimepangwa kuanzia penye haja kubwa. Baraza likiamua kupeleka kisima mahali pengine, na iwe hivyo, lakini liandike sababu, na sababu hiyo nayo isomwe mtaani.

Nanyi wananchi mna kazi yenu. Mpelekeni mtoto akapimwe hata kama anacheza vizuri. Mjibuni karani kwa kweli. Nendeni mkutanoni, msiwaachie wachache halafu mkanung'unika vilabuni. Waalimu, wapeni wanafunzi wa darasa la saba hesabu ya mtaa wao waipigie asilimia. Ni somo bora kuliko kugawa machungwa ya kwenye kitabu. Viongozi wa dini, akina mama wa vikundi, vijana wa bodaboda mnaofika hata nyumba ya mwisho ya njia, ninyi mnayajua mengi yasiyoandikwa. Yasemeni.

Babu zetu walihesabiwa vibanda vyao wakanyang'anywa. Baba zetu walipewa namba wakapoteza majina. Sisi tunayo bahati ya kuhesabiwa na watu wetu wenyewe, na daftari ni letu. Lisipofunguliwa, mtoto wa mkoa wa mahindi ataendelea kudumaa kando ya gunia, nasi tutaendelea kuulizana ilikuwaje. Mkutano wa miezi mitatu unakuja. Mwenye daftari na aje nalo.